Swali la Kumi na Tisa la Bi. Ephrasia Kokugonza

Bi. Ephrasia Kokugonza anaifunika mashine yake ya chapa kwa mara ya mwisho leo, Jumamosi tarehe 30 Juni 1984, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uwakili hapa Bukoba kwa miaka ishirini na miwili na miezi sita kasoro siku moja. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema "zaidi ya miaka ishirini". Aliiona mezani kwangu, akachukua penseli na kuandika pembeni: Zaidi kwa kiasi gani?

Mwandishi ni mimi Saburi Uledi, mpeleka hati wa ofisi hii tangu mwaka 1963. Nimeombwa niandike kwa ufupi na kwa heshima. Heshima ipo tele. Ufupi nitajitahidi.

Bi. Ephrasia alizaliwa Ijumbi, katika nyumba ya wakulima wa kahawa na migomba, mtoto wa tano kati ya tisa. Alisoma kwa masista hadi darasa la nane, akajifunza kupiga chapa hukohuko kwa masista, na tarehe 2 Januari 1962, bendera ya Uhuru ikiwa bado mpya mlingotini, aliingia kwa Wakili Rwegasira aliyekuwa ndiyo kwanza amefungua ofisi yenye meza moja, viti viwili na kabati lisilofungika. Wakili alitaka mpiga chapa. Alimpata mpiga chapa anayesimama katikati ya sentensi, akanyanyua macho, na kuuliza kama bosi wake ana hakika anataka kusema hivyo. Wakili Rwegasira amekiri mwenyewe kwamba mwezi ule wa kwanza alifikiria kumwachisha kazi mara mbili. Mara ya tatu, badala ya kumwachisha, alimnunulia kiti chake mwenyewe.

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kushitakiana na mtu, na Mungu azidi kuwaepusha, nieleze kazi iliyomjengea jina. Kesi ya madai inapokuwa mahakamani, kabla ya siku ya kusikilizwa, sheria inauruhusu upande mmoja kuuandikia upande wa pili maswali. Mahakama ikiyakubali, upande wa pili hauna budi kuyajibu kwa maandishi, chini ya kiapo, ndani ya siku kumi. Jibu likishaandikwa limeandikwa. Mtu hawezi baadaye kusimama mbele ya hakimu akasema kwamba alisikika vibaya. Ila nafasi ya kuuliza ni moja, na mahakama ikiona maswali yako ni ya mzaha au ya kuchokoza, inayatupa yote na wewe unarudi nyumbani mikono mitupu.

Kutunga maswali hayo ni kazi ya wakili. Katika ofisi hii imekuwa kazi ya Bi. Ephrasia, na wakili akaweka saini.

Hakuzaliwa anajua. Mwaka 1964 mteja wetu mmoja alikuwa amepoteza mashine ya kukoboa kahawa, iliyoondoka bandani mwake Jumamosi moja mchana bila kuaga. Tulimdai jirani yake. Wakili alikuwa amelazwa na homa, siku za kupeleka maswali zinakwisha, basi Bi. Ephrasia akayatunga mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba Jumamosi hiyo kulikuwa na harusi kubwa Kagoma, naye akataka kuziba upenyo huo mapema. Akaandika: "Je, Jumamosi hiyo ulikwenda kwenye harusi ya Kagoma?" Jirani yule hadi siku hiyo hakuwa na neno lolote la kujitetea. Aliposoma swali akagundua kwamba, kumbe, alikuwa harusini. Alileta mashahidi tisa waliomwona akila, na mmoja wao aliimba mahakamani wimbo aliopokelewa nao bibi harusi. Mteja wetu alirudi kwake bila mashine, na alipopita mlangoni hakumlaumu mtu, jambo lililomuuma Bi. Ephrasia kuliko kama angetukanwa.

Karatasi ile ya maswali ameihifadhi kwenye saraka yake hadi leo. Kila alipokuja mtu mpya kazini akaanza kujiona mjanja, ilitolewa, ikasomwa kwa sauti, ikarudishwa.

Tangu siku ile hakuna swali lililotoka mlangoni bila kupitia mikononi mwake mara tatu. Kwanza, alikwenda kupaona mahali penyewe, hata kama ni Ijumbi au ng'ambo ya Muleba, hata kama mvua inanyesha na njia yote ni utelezi. Pili, aliandika kila swali kwenye kipande chake cha karatasi, akavipanga vipande hivyo mezani, na juu ya kila kimoja akaweka punje ya kamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna, ili upepo wa ziwani usivipeperushe. Swali likiuliza mambo mawili lilikatwa kwa mkasi likawa mawili. Swali likibeba jibu ndani yake lilitupwa, na punje yake ikatafunwa. Kuna siku aliingia nyumbani akakosa usingizi kwa sababu ya kamwani alizotafuna mchana kutwa, kwa maswali mabovu ya wakili aliyekuwa anatusaidia wakati huo.

Tatu ilikuwa zamu yangu. Alinisomea swali kwa Kihaya, nami nikamrudishia kwa Kiswahili. Mimi ni mtu wa mjini, babu yangu alitoka pwani, na Kihaya changu hadi leo kinachekesha wanawake sokoni. Ndiyo sababu alinichagua. Alisema kwamba swali likiweza kupita kwenye Kihaya cha Saburi likatoka upande wa pili bila kuvunjika mguu, hakuna wakili atakayeweza kulipotosha. Likirudi limebadilika, lilichanwa. Kiingereza cha mahakama kilifuata baadaye, na hicho tulimwachia Wakili Rwegasira.

Sasa nifike Izigo, kwa sababu hakuna atakayenisamehe nikipita bila kufika.

Mwaka 1972 alikuja ofisini mama mmoja aitwaye Joviana, mjane wa Mwijage, kutoka Izigo. Alikuwa ameshinda wiki mbili Muleba akimwuguza binti yake aliyejifungua. Aliporudi hakukuta kibanja chake, shamba la migomba la kuzunguka nyumba. Hakukuta migomba, mibuni, wala mimea ya mipaka aliyoipanda baba mkwe wake. Nyumba yake ya udongo ilikuwa imesawazishwa na ardhi, na mahali ilipokuwa pamelundikwa changarawe. Kampuni moja ya ujenzi wa barabara, ambayo sitaitaja kwa kuwa haipo tena na haiwezi kujitetea, ilikuwa imeingiza tingatinga ikapafanya ghala la wazi la changarawe na mitambo.

Tulipofungua kesi, kampuni ilijibu kwamba pale palikuwa rweya tupu. Kwa mgeni asiyejua, rweya ni mbuga yetu ya majani, isiyo na migomba wala makazi, wanapokata watu majani ya kutandaza shambani na kuezekea. Ilisema haikumwona mtu, haikuiona nyumba, haikung'oa mgomba. Na Joviana hakuwa na karatasi ya kuonyesha, maana kibanja cha urithi hakiji na karatasi. Kinakuja na migomba yenyewe, na hiyo ilikuwa imezikwa. Majirani tuliwaendea. Vijana wao wote walikuwa wamepata kazi ya kupakia changarawe, na ukiwauliza wazee lolote walitazama juu kuona kama mvua inakuja.

Kampuni ilijitolea kumtafutia kiwanja kingine, kikubwa zaidi, upande wa pili wa barabara. Wakili Rwegasira alimweleza mama yule kwamba kisheria hilo si jambo baya, tena kesi yenyewe ina hali ngumu. Joviana alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema maneno matatu: "Mwijage hayuko huko." Mume wake alizikwa kibanjani mwaka 1966, nyuma ya nyumba, na sasa alikuwa chini ya changarawe. Hakuwa na ombi jingine. Alitaka changarawe iondoke juu ya mume wake, na yeye siku yake ikifika alazwe pembeni.

Bi. Ephrasia alikwenda Izigo akakaa siku tatu. Alizunguka lile eneo kana kwamba anatafuta sindano. Aliingia hadi kwenye kibanda cha meneja wa kampuni kuomba maji ya kunywa, na meneja, mtu mkarimu ambaye hakumjua ni nani, alimpa maji na hotuba juu yake. Ukutani alikuwa amebandika maandishi makubwa ya kujitegemea, maana hizo ndizo zilikuwa siku zake, kila ofisi na kila kiwanda kilishindana kuonyesha kinavyojitegemea. Meneja alimwambia Bi. Ephrasia kwamba katika mkoa wote wa Ziwa Magharibi, kama ulivyoitwa wakati huo, hakuna kampuni iliyotekeleza kujitegemea kama ya kwake. Bi. Ephrasia akashukuru kwa maji, akatoka. Nyuma ya kibanda aliona mafiga matatu meusi na chungu ya maganda makavu ya ndizi iliyofika magotini.

Aliporudi aliandika maswali ishirini na manne. Kumi na saba ya kwanza yalikuwa ya kawaida kabisa: nani aliendesha tingatinga, lilianza kazi siku gani, walikuwapo wafanyakazi wangapi, kusawazisha kulichukua siku ngapi. Swali la kumi na nane liliuliza: "Wafanyakazi hao walikula nini mchana?" Na la kumi na tisa: "Chakula hicho kilitoka wapi?"

Wakili Rwegasira aliyakata yote mawili kwa wino mwekundu.

Alikuwa na sababu, na sitaki mtu amwone mbaya. Alisema hakimu atadhani tunafanya mzaha, atayatupa maswali yote ishirini na manne, na nafasi ya Joviana itakuwa imekwisha. Tena alisema upande wa pili utajibu kwamba ndizi zilinunuliwa sokoni, na hapo tutakuwa tumewasaidia. Bi. Ephrasia alijibu kwa sentensi moja ambayo bado naisikia, pamoja na "waitu" yake ya kubembeleza kwa Kihaya: "Yule ni mtu wa kujisifu, waitu, mpe nafasi ya kujisifu ataitumia." Wakili alisema hapana. Basi Bi. Ephrasia akaifunika mashine yake ya chapa, akaketi na mikono mapajani, akatangaza kwamba atachapa maswali ishirini na manne au hatachapa hata moja.

Zilikuwa zimebaki siku mbili za kuyapeleka mahakamani. Nakiri hadharani leo kwamba mimi nilikuwa upande wa Wakili. Nilimwendea Bi. Ephrasia kumsihi, nikamwambia asimpotezee mama wa watu kesi kwa ajili ya maganda ya ndizi. Hakunikasirikia. Aliniuliza kama nakumbuka harusi ya Kagoma. Nikasema nakumbuka. Akasema yeye anaikumbuka kila siku, na kwamba miaka minane amekuwa akijifunza kuuliza kitu ambacho mwulizwaji haoni sababu ya kukificha. Sasa amekipata, hakiachi.

Siku ile ikapita, na asubuhi ya pili ikapita, mashine imefunikwa. Nilikuwa nazunguka mlangoni na baiskeli yangu bila kazi.

Saa saba Wakili Rwegasira alikwenda nyumbani kula. Mke wake alimwekea ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage kama kawaida. Yeye mwenyewe alitusimulia baadaye kwamba alikula matonge mawili, kisha, bila kujua kwa nini, akamwuliza mke wake ndizi zile zimetoka wapi. Mama yule alimtazama kama mtu aliyepatwa na homa, akamwambia zimetoka kibanjani kwa mama yake, zingetoka wapi tena? Na akaendelea kumweleza bila kuulizwa ni mgomba upi, wa upande gani wa nyumba, na nani aliutia samadi. Wakili hakumaliza chakula. Alirudi ofisini, akaenda hadi mezani kwa Bi. Ephrasia, na akaiondolea kifuniko ile mashine kwa mikono yake mwenyewe.

Nilipiga pedeli hadi mahakamani nikafika dakika ishirini kabla ya kufungwa kwa masjala.

Wakili wa kampuni aliyapinga maswali matano. Mawili hakimu aliyafuta. La kumi na nane na la kumi na tisa wakili yule hakuyagusa. Nilimsikia mwenyewe ukumbini akimwambia mwenzake, huku akicheka, kwamba Rwegasira siku hizi ameajiri mpishi. Nilirudi na habari hiyo nikiwa nimenuna. Bi. Ephrasia alifurahi hata akanigawia kamwani.

Siku ya kumi Joviana alikuja kutoka Izigo na basi la alfajiri, akaketi kwenye benchi la wageni tangu tulipofungua. Hakutaka chai. Mchana nilitumwa mahakamani, nikakuta hati ya kiapo ya meneja imewasilishwa. Mimi si mtu wa kusoma hati nisizotumwa kusoma, lakini siku hiyo nilisimama barazani mwa mahakama nikafungua moja kwa moja ukurasa wa tatu, nikasoma, nikasoma tena, halafu nikaendesha baiskeli vibaya sana.

Jibu la kumi na nane lilikuwa neno moja: ndizi. Jibu la kumi na tisa lilikuwa refu, maana mtu wetu alikuwa amefika mahali anapopenda. Lilisema hivi: "Kwa kuitikia wito wa kujitegemea, kampuni haikununua chakula chochote sokoni. Wafanyakazi wote arobaini walikula ndizi zilizokuwa zimesimama katika eneo la kazi, kwa siku zote kumi na moja, na nyingine zilibaki."

Bi. Ephrasia aliisoma taratibu kutoka swali la kwanza, bila kuruka, kama afanyavyo siku zote, mimi nikiwa nimesimama pale nahema. Alipofika kwenye lile jibu aliweka kidole. Kisha alikwenda kwenye benchi akaketi na Joviana, akamtafsiria kwa Kihaya neno kwa neno. Watu wote wa Kagera mnajua bila kuelezwa: rweya haioti ndizi. Mgomba unataka miaka ya samadi na majani ya kutandaza na mikono ya mtu, na ndizi za kulisha watu arobaini kwa siku kumi na moja ni kibanja kizima cha mtu aliyefanya kazi maisha yake yote.

Joviana akauliza kama wale watu walishiba. Bi. Ephrasia akamjibu kwamba kwa mujibu wa kiapo walishiba, na nyingine zilibaki. Ndipo mama yule alipolia. Bi. Ephrasia naye akalia, na Wakili Rwegasira akakumbuka kwamba ana faili la kutafuta chumba cha pili.

Mbele ya hakimu kampuni ilijaribu kusema kwamba huenda zilikuwa ndizi pori. Meneja akaulizwa kama zilipikwa zikaiva vizuri. Akasema vizuri sana, na ndizi pori ni mbegu tupu, hazipikiki. Hakimu alitaka kujionea, msafara ukaenda Izigo, na changarawe ikaondolewa kwenye kona moja tu. Chini yake kulikuwa na mashina ya migomba, mstari kwa mstari, mengine yakiwa bado yanajaribu kuchipua gizani. Wakachimba nyuma kidogo wakafikia mawe ya kaburi. Hakuna aliyehitaji kuuliza swali la ishirini na tano. Hukumu ilitoka Agosti 1973, changarawe yote ikaondoka kabla ya Krismasi, na mgomba wa kwanza Joviana aliupanda kichwani mwa kaburi.

Tangu hapo makarani wa mahakama walimwita Bi. Ephrasia "Mama Kumi na Tisa". Alilikataa jina hilo kwa miaka miwili, kisha akaanza kuliitikia.

Nisije nikaonekana kwamba alifanya kazi siku moja tu. Vita vya mwaka 1978 vilipofika hadi angani mwa Bukoba, sisi wengine tulibeba watoto na magodoro. Yeye alibeba watoto wake na mafaili mia mbili na sitini, akayafunga ndani ya magunia ya kahawa, akayapeleka Ijumbi na kuyaweka darini kwa kaka yake. Mwaka uliofuata yalirudi yote. Hadi leo kuna kesi ukifungua faili lake unasikia harufu ya buni. Karatasi zilipoadimika, akakata vipande vya maswali kutoka kwenye bahasha kuukuu na mifuko ya sukari, siku sukari ilipopatikana. Alimwachisha sigara karani mmoja kwa kumwandikia maswali saba tu, ambayo yule bwana aliomba asiyajibu kwa kiapo. Na katika miaka yote hiyo ameugua siku nne, zote amezitaja kwa tarehe.

Bi. Mastura, anayechukua kiti chake kuanzia Jumatatu, alikuja mwaka 1975. Kesi yake ya kwanza aliandika maswali arobaini kwa mwandiko mzuri, akayapeleka mezani kwa Bi. Ephrasia akitarajia pongezi. Alirudishiwa matatu. Alitaka kuacha kazi, nami nikamwambia afadhali yeye, wa kabla yake alirudishiwa punje ya kamwani peke yake. Leo Bi. Mastura ndiye anayenisomea maswali, na juzi nilimwona amekwenda Kagoma kwenye matope kukagua ukuta wa mtu, viatu mkononi. Ofisi iko salama. Jana Bi. Ephrasia alimkabidhi mkasi, kopo la kamwani, na ile karatasi ya harusi.

Ofisi nzima inakushukuru, Bi. Ephrasia. Wakili Rwegasira anakushukuru kwa mara zote ulizosimamisha mashine katikati ya sentensi yake, na ameniomba niandike kwamba alistahili karibu mara zote. Mimi nakushukuru kwa kukipa Kihaya changu kazi ya heshima. Na wapo wengi wasiokuja leo, wa Kagoma, Ijumbi, Muleba na visiwani, wanaolala ndani ya vibanja vyao kwa sababu uliuliza kitu kimoja kidogo kwa wakati wake.

Limebaki jambo moja. Tarehe 20 ya mwezi huu, tulipoanza kunong'ona kuhusu sherehe hii, Bi. Ephrasia alihofia kwamba tutajitwisha mzigo katika hali hii ngumu ya bidhaa. Akabandika mlangoni kipande cha karatasi kilichoandikwa: "Chakula cha mchana cha wageni kitatoka wapi?" Hatukumjibu. Alituuliza tena kwa mdomo, tukajifanya hatukusikia, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu ishirini na mmoja hapa nilimwona amekosa la kufanya. Lakini sheria tunaijua, ametufundisha mwenyewe. Siku kumi zinakwisha leo, na kama atainua macho kutoka kwenye karatasi hii atamwona aliyeketi kwenye benchi la wageni tangu asubuhi.

Jibu la ofisi, chini ya kiapo, ni hili. Ndizi zitakazopakuliwa sasa hivi zimetoka Izigo, kibanjani kwa Joviana, mjane wa Mwijage, kwenye migomba ya kando ya kaburi la mume wake. Amezikata mwenyewe jana na kuzileta mwenyewe. Hatukununua hata moja, na nyingine zimebaki.

Karibu mezani, Mama Kumi na Tisa. Ule ushibe, ukapumzike Ijumbi miaka mingi yenye afya na wajukuu, na tafadhali usituulize kitu hadi sahani iishe.